Nani Alilifuata Shuka?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari Mkuu wa hospitali yetu, wakuu wa wodi, wauguzi, na nyinyi wenzangu wa chumba cha ufuaji mliokuja na aproni bado mbichi: karibuni tumuage mtaalamu wetu wa mifumo, ambaye sisi tulimpachika jina la Bi Shuka.

Alipokuja tulidhani atatuuliza, kama waliomtangulia, nani anafanya nini kabla ya nani. Tukajipanga kujisifu. Yeye akashika shuka moja, akasema, "Ninyi niacheni kwanza. Nikifuata taarifa za hili shuka, nitawakuta nyote njiani." Tukacheka, jamani! Shuka nalo lina habari gani?

Akashonesha kitambulisho kwenye pindo la kila shuka, mashine ikawa inasoma hali yake katika kila hatua: chafu, limechemshwa, limefuliwa, limenyooshwa. Baada ya muda akatuita mbele ya kompyuta. Mashuka ya wodi ya magonjwa ya kuambukiza yalitoka "chafu" yakarukia "limefuliwa", kisha yakachanganywa na mengine yote. Hayakuchemshwa. Hata moja!

Ndugu wageni, pakazuka ubishi. Fundi wa mtambo wa kuchemshia akafoka, "Sijawahi kuacha mzigo ulioletwa kwangu!" Mfuaji naye, "Mimi nafua ninacholetewa." Na wote walisema kweli. Tangu mlango wa nyuma ulipozibwa kwa ajili ya ujenzi, toroli za wodi ile zilipitia upande wa pili, moja kwa moja hadi kwenye mashine za kufulia. Kila mtu alitimiza kazi yake. Je, shuka lenyewe nani alilifuata?

Binti yangu alikuwa amejifungua humu humu wiki ile. Nilipanda ngazi mbio, nikamfunua mjukuu wangu shuka mbele ya muuguzi aliyedhani nimechanganyikiwa. "Mama, kuna nini?" binti yangu akauliza. Nikalikunja shuka lile nikaondoka nalo.

Siku hiyo tulikusanya mashuka ya hospitali nzima tukayachemsha upya, Daktari Mkuu mwenyewe akisukuma toroli. Mjukuu yu mzima, mnamsikia analia kule nyuma. Na sasa mashine ya kufulia haiwaki kwa shuka la wodi ile mpaka liwe limechemshwa.

Bi Shuka, wenzangu wanakupigia makofi, mimi bado nina hofu. Nikiona kitanda kimetandikwa, cheupe pe, naanza kujiuliza kimepitia wapi. Nenda salama, mwanangu. Na huko uendako, wakikucheka, usiliachie shuka. Nanyi nyote mlionitegea sikio, nawashukuru sana.