Bi Velichka, Aliyetuchujia Maji Kwenye Lev

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Bi Velichka Hadzhieva anaiaga ofisi yetu ya utafiti wa bei hapa Ruse, Bulgaria, tarehe 31 Desemba 2025. Siku hiyohiyo lev, sarafu yetu, nayo inastaafu, euro inaingia kazini. Wengine wanasema imetokea tu. Mimi Gancho, dereva wa ofisi, niliyekula na kulala katika nchi kumi na moja, nasema lev imeona haiwezi kubaki bila yeye.

Alikuja kwetu mwaka 1993. Baridi ya 1997, mshahara wa asubuhi ulipokuwa nusu mshahara jioni, alisimama dirishani akitufukuza ofisini: "Kimbieni mkanunue mafuta ya kupikia kwanza, kulia mtalia baadaye!" Tulikimbia, na mkurugenzi mbele yetu.

Kazi yake ni hivi. Benki itakwambia lev moja ni lei mbili na nusu za Romania. Vizuri, lakini bado hujajua kitu mpaka uvuke daraja la mto Danube hadi Giurgiu, upande wa Romania, uone lei hizo zinanunua nini kule, na lev yako ingenunua nini huku. Bei za kule zikipanda kuliko zetu, kiwango cha benki kinaweza kukaa palepale na wewe umeshakuwa maskini. Bi Velichka ndiye aliyeuondoa huo mfumuko wa bei kwenye hesabu, akatupa kiwango cha kweli.

Kulinganisha sawa kwa sawa alijifunza kwa aibu. Mwaka 2006 alimwambia Dimo, mwokaji wa banitsa, mkate wetu wa kukunja wenye jibini, kwamba jibini la Giurgiu ni rahisi kuliko letu. Dimo akaagiza ndoo thelathini, nikazibeba mimi, na mgongo wangu ni shahidi mpaka leo. Kumbe huku tulipima jibini lililochujwa, na bei ya kule ilikuwa ya ndoo nzima pamoja na maji yake ya chumvi! Dimo akaja juu: "Mama wee, umeniuzia Danube!" Bi Velichka hakujitetea. Alikwenda kumsaidia kukunja banitsa kila Jumapili, zikawa zinatoka ngumu kama soli, hadi Dimo mwenyewe akasalimu amri: "Nimekusamehe dada, niachie unga wangu!"

Tangu hapo hakuvuka daraja bila mzani na kichujio mkobani. Wachuuzi wa Giurgiu wakimwona wanaanza kumwaga maji wenyewe. Na kile kiwango chake wafanyabiashara wa pande zote mbili wanakiita "kilichochujwa", jina nililolibuni mimi, msije mkasahau.

Mwaka huu mzani ukamgeukia. Binti yake, Kalina, aliyeolewa Giurgiu, alijifungua mapacha, akamwomba mama ahamie kwake. Bi Velichka akaipigia hesabu pensheni yake. Kwa kiwango cha benki, ilitosha. Akaichuja. Bei za kule zimezipita zetu mbio, haikutosha. Akaja kukaa garini kwangu.

"Siendi, Gancho. Sitakwenda kula jasho la mkwe wangu."

"Bi mkubwa, lala kule, nunua huku."

"Na foleni ya darajani je?"

"Foleni niachie mimi. Nimekaa foleni Istanbul, nimekaa Napoli, hiyo ya kwetu ni mapumziko."

"Na petroli?"

"Kila Jumamosi navuka kwenda kula samaki. Wewe ni mzigo mwepesi kuliko ndoo za Dimo."

Akatoa kalamu, akapiga hesabu upya palepale, kapu la Ruse na kitanda cha Giurgiu. Akaichuja mara mbili, maana hesabu yangu haiamini. Ikatosha. Akalia kidogo, kisha akanisema kwa uchafu wa gari.

Habari ikafika kwa Dimo. Ameapa kwamba kila Jumamosi kutakuwa na sinia moja la banitsa la mapacha, bila malipo, ilimradi bibi yao asishike unga.

Bi Velichka, asante kwa kutuonyesha kila mara kilichobaki baada ya maji kumwagwa. Uishi miaka mingi, na bei zikuonee haya. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa Kalina kukuleta sokoni Ruse. Mzani uache nyumbani. Jibini nitakuwa nimeshalichuja.