Fundi Paa na Moto wa Nyumba ya Nyasi

Kuna jambo nimelificha kwa miaka kumi na tisa kuhusu fundi tunayemuaga leo, na daktari wangu amenishauri nisiahirishe mambo. Nitalisema kabla sijaweka kalamu chini. Kwanza kazi yake, maana ndiyo iliyotukusanya.

Fundi Paa anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kuitunza nyumba ya nyasi, ile kongwe kuliko zote kijijini, ambayo wageni huja kuitazama. Nilimwajiri mimi, nikiwa msimamizi. Nilimuuliza ana cheti gani. Akatazama juu, akasema, "Bosi, hapo juu ya mlango patavuja mvua ya kwanza." Pakavuja. Jumatatu akaanza kazi.

Nyumba hiyo haina msumari hata mmoja. Nguzo kumi na mbili zimebeba duara la boriti, makombamoyo, ile miti ya kubeba paa, yameegemea duara na kukutana kileleni, fito zimeyafunga, kisha nyasi, tabaka juu ya tabaka, unene wa kiwiko hadi ncha za vidole. Mteremko ni mkali kiasi kwamba maji hayapati pa kutua. Ukingo umeshuka hadi kifuani, kwa hiyo kila anayeingia huinama, awe waziri au mwanafunzi. Wageni wakimuuliza misumari iko wapi, Fundi huinua vidole gumba vyake viwili: "Hii hapa, na haishiki kutu."

Amelivika paa hilo nyasi mpya mara nne, na amefundisha mafundi tisa ambao leo wanategemewa mbali na hapa. Mkewe hulalamika kwamba hata harusini hukagua dari kwanza, maharusi baadaye.

Wengi mnakumbuka upande wa kaskazini ulipoporomoka. Hakuumia mtu, lakini kamati ilimpa Fundi barua ya onyo kwa uzembe, na cheo cha mkuu wa mafundi kikampita kwa miaka kumi na mmoja. Yeye alipanda juu na kuurudisha upande ule kwa wiki saba. Leo huwezi kuona ulipoungwa. Barua ile bado imo katika faili lake. Naiomba kamati iitoe leo, kabla hatujatawanyika.

Katikati ya nyumba kuna mafiga. Moto mdogo uliwashwa hapo kila asubuhi, na moshi ulipanda kwenye nyasi na kufukuza wadudu. Mimi, na shahada yangu ya usanifu majengo, niliona moto chini ya nyasi ni wazimu. Nikaandika amri uzimwe. Fundi alinifuata ofisini: "Bosi, ukiuzima huu, umewaandalia wadudu karamu." Nikamwambia aniachie mambo ya vitabuni. Miaka mitatu baadaye fito za kaskazini zilikuwa zimebunguliwa kama chujio, na upande ule ukaporomoka.

Mbele ya kamati alisema aliamriwa kuuzima moto. Akaulizwa karatasi iko wapi. Akanitazama. Nikatazama meza.

Tunakushukuru, Fundi. Wewe na mama watoto mjaliwe miaka mingi chini ya paa ambalo huhitaji kulikagua.

Karatasi ile haikuonekana kwa sababu niliichomoa mimi kwenye faili asubuhi ya siku ile. Nimeiambatanisha hapa, na sahihi iliyo chini yake ni yangu.