Papa Syauswa na Bunduki ya Nyumba Tatu

Ndugu waombolezaji, mapadri wetu, majirani wa hapa mtaani Vulamba, na ninyi mliofika kutoka Vuhovi, Beni na hata Manguredjipa kwa barabara tunazozijua, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tuwasomee maisha ya baba yetu Nzanzu Syauswa Paulin, na tunaomba mtuvumilie pale kicheko kitakapotutoka, kwa sababu mwenyewe hakuwapenda watu wanaolia bila kupumzika.

Papa Syauswa alizaliwa Vuhovi tarehe 3 Mei 1948, mtoto wa kwanza wa mzee Kitsa, mlinzi wa shamba la kahawa la Mbelgiji mmoja, na wa mama Kavira, mkulima wa maharage. Tangu utotoni alifuata mbwa wa kuwinda, wale wenye kengele za mbao shingoni, na baba yake, ambaye kazi yake siku za Jumapili ilikuwa kubeba ndege nyuma ya tajiri, alirudi nyumbani na habari za kanga walioanguka na za wale waliokosewa, habari ambazo marehemu alizishika vizuri kuliko katekisimu.

Alisoma shule ya msingi misheni, Vuhovi, kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, kisha akaenda shule ya ufundi huko Beni, alikopata diploma ya umekanika mwezi wa Julai 1968, na mwaka huohuo akapata kazi kwenye kiwanda cha kahawa karibu na Beni, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1979 alipofungua karakana yake hapa Butembo. Injini ndizo zilizotulisha na kutusomesha, lakini tukisema ukweli wote, moyo wake ulikuwa kwenye bunduki za zamani, zile za mitutu miwili iliyolala sambamba, zilizotoka Liège, Ubelgiji, na kuachwa na wenye mashamba, na kila mwenye kibali cha kuwinda, kutoka Lubero hadi Beni, alijua kwamba bunduki kuukuu hainunuliwi kabla Papa Syauswa hajaishika.

Yake mwenyewe aliipata Beni, tarehe 9 Machi 1974, kwa mzee Amisi, msafirishaji, aliyekuwa ameachiwa bunduki nne na mwenye shamba mmoja aliyerudi Ulaya, naye akamwambia marehemu achague moja, iwe shukrani ya kumfufulia injini ya lori. Papa aliitenganisha kila moja, akafunga mitutu yake kwa uzi, akaining'iniza na kuigonga kwa ukucha, na ile iliyochorwa maua na kupakwa vanishi mpya ikatoa sauti ya bati bovu, maana lehemu inayounganisha mitutu ilikuwa imeachia, ya pili ikashindwa mtihani wa karatasi, kwani bunduki nzuri ukiifunga juu ya kipande cha karatasi huwezi kukichomoa, lakini hiyo ilikiachia kama mkono wa mgonjwa, na ya tatu ilikuwa na mitutu ya chuma cha kusokotwa, kizuri sana machoni, lakini kisichovumilia baruti za siku hizi. Ikabaki ya nne, nyeusi, yenye kitako kilichoparuzwa, lakini ilipogongwa ililia kama kengele ya kanisa, na alipofumba macho akaiweka begani, kisha akafumbua, jicho lake lilikuwa tayari juu ya mstari wa mitutu, bila kupinda shingo. Mzee Amisi alicheka mpaka akakaa chini, “Paulin, unaacha ile ya maua unakamata hii muzee?”, naye akajibu, “Maua haiue kanga, Amisi,” na tangu siku ile walikuwa ndugu, hadi mzee Amisi alipotutangulia mwaka 2009.

Tarehe 17 Julai 1976, hapa Butembo, alifunga ndoa na Mama Kahambu Godelive, aliye mbele yenu, na hapa hatuna budi kueleza ile picha ya ndoa ambayo wengi wameiulizia tangu jana. Bunduki za zamani zina chumba kifupi cha risasi, na kartushi za sasa ni ndefu kukizidi, jambo ambalo marehemu alilijua kuliko sisi sote na kulihubiria watu kila siku, ila haraka ya kuwapelekea wakwe kanga wanono ilimfanya aazime kartushi za jirani bila kuzitazama, bunduki ikamrudi na kumpiga shavuni, akaingia kanisani akiwa amevimba kama aliyeumwa na nyuki. Ndiyo maana pichani anatazama pembeni, wala si maringo kama watu wa ukoo wa Mama walivyodhani kwa miaka mingi.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Maliro aliyezaliwa mwaka 1978, Falonne mwaka 1982 na Rébecca mwaka 1987, na kupitia kwao wajukuu tisa. Sisi tuliokua nyakati zile tunazikumbuka Jumamosi za Vuhovi baada ya mavuno ya maharage, umande bado uko kwenye majani, mbwa mbele, Papa nyuma yao na bunduki iliyofunguliwa katikati mkononi, maana hakuwahi kuifunga mbele ya watu. Hakumpiga ndege aliyesimama chini, alisema huo si uwindaji, ni kuchinja, alisubiri kwale apae juu ya miti, akatumia mtutu wa kulia kwa aliye karibu kwa kuwa huo hutawanya, na wa kushoto kwa aliye mbali kwa kuwa huo hubana, na asipopata kwa kartushi mbili alirudi nyumbani akimsifu ndege. Mlio ule ukisikika kilimani, wamama wa kijiji waliitana toka nyumba hadi nyumba, “Papa Paulin ameisha piga, mutie maji ku moto!”, na ilikuwa nadra wakose. Tulikuwa na furaha, wapendwa, na hatukujua kwamba furaha ile ilikuwa kubwa kiasi hicho.

Kisha yakaja ya Beni. Mwisho wa mwaka 2014 familia nyingi zilizokimbia mauaji zilipokelewa Vuhovi, na Jumamosi tarehe 7 Februari 2015 Papa alikwenda kilimani kama kawaida yake, akapiga mara mbili, akapata kanga wawili, na alipoteremka hakumkuta mtu hata mmoja. Milango ilikuwa wazi, kiatu cha mtoto kilikuwa katikati ya njia, na maharage yalikuwa yanachemka kila nyumba. Alielewa papo hapo, akaiweka bunduki chini, akapita nyumba kwa nyumba akiondoa masufuria motoni, ili watu wakirudi wasikute chakula kimeungua, na jioni waliporudi kutoka bondeni, mama mmoja aitwaye Hadjara, mwenye watoto wanne, alimwambia bila hasira, “Papa, batoto bangu bamekimbia huu mulio toka Beni mpaka hapa. Sasa tukimbilie wapi tena?” Papa aliomba radhi, na kanga wale hakuna aliyetaka kuwala, hata yeye mwenyewe.

Kesho yake baada ya misa aliigawa bunduki vipande vitatu, kitako na mtambo wake akampa Maliro, mitutu akampa Falonne, kile kipande cha mbao cha mbele akampa Rébecca, kila mmoja akihifadhi nyumbani kwake, na akasema hataiunganisha ili kupiga mpaka siku ambayo mlio wake utamaanisha tena mboga. Hicho ndicho alichokitaka, na hakutaka kingine, apige mara moja tu juu ya Vuhovi na asikie wamama wakiitana. Kila Krismasi vipande vililetwa, akavipaka mafuta, akaviunganisha, akafumba macho na kuiweka begani, kisha akauliza kuelekea jikoni, “Godelive, mwaka huu?”, na Mama, anayefuatilia habari kuliko redio, akajibu, “Bado, Papa,” naye akaitenganisha tena bila kunung'unika. Ndivyo zilivyopita Krismasi kumi, na ile ya mwaka jana mikono yake haikuweza tena kuifunga, ikabidi Falonne amsaidie, lakini swali aliliuliza.

Moyo wake ulianza kuchoka Agosti 2023, akatibiwa hapa Butembo, akapata nafuu, kisha tarehe 2 Juni 2025 akalazwa tena. Wawindaji wenzake, wakiongozwa na mzee Mathe, walimtembelea wodini na kumwuliza kwa heshima kama wangeruhusiwa kupiga mara mbili juu ya kaburi lake, kama walivyowafanyia wenzao zamani, naye akasema, “Mathe, hapana. Butembo yote itakimbia, na mimi sitakuwa tena na miguu ya kuenda kuondoa masufuria ku moto.” Chumba kizima kilicheka, kisha mmoja mmoja tukatoka kwenda kulia barazani. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wa karakana waliobeba jeneza, watoto wa mzee Amisi waliotoka Beni na kuketi nasi kama wafiwa, na Mama Hadjara, aliyekuja kutoka Vuhovi na wanawe wanne, sasa watu wazima.

Ndugu wawindaji, twendeni kaburini mikono mitupu, nanyi majirani endeleeni kupika, hakuna kitakacholia. Mama Godelive ametuagiza tuseme kwamba Krismasi ijayo vipande vitaletwa nyumbani kama kawaida, kwamba watoto ndio watakaomwuliza, na kwamba hatajibu vingine kwa sababu tu ya huruma. Baba, umetuachia swali lako. Pumzika kwa ile amani uliyoiulizia kila mwaka, ambayo sisi bado tunaingoja.