Marehemu Wilson Kipyegon na Wimbo wa Betri Zilizochoka

Jamaa, majirani na waumini, nitasoma habari ambayo hakuna mtu hapa ataiamini, na wale waliotoka mjini Kericho wataiamini kidogo zaidi. Lakini mimi ndiye baba yake mdogo, na kazi ya kuandika karatasi hii nimepewa mimi.

Marehemu Wilson Kipyegon alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Kedowa, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kipruto na Mama Chepkosgei. Sauti aliirithi kwangu, ingawa kanisa lilinizuia kuonyesha.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1977 na kupita vizuri. Mimi niliishia la nne, kwa hivyo mkiona herufi imeanguka, iokoteni.

Mwaka 1980 aliandikwa kazi kwenye shamba moja la majani chai, upande wa kupima majani. Jioni alipiga gitaa. Mapema mwaka 1993 alirekodi kaseti yenye wimbo "Celine Usichelewe", na kutoka Fort Ternan mpaka Ndanai hakuna duka ambalo halikuupiga. Celine mwenyewe alikuwa mchumba wake.

Ndipo Bwana Onyancha, mpiga gitaa kutoka Kisii waliyekaa naye kambi moja ya wafanyakazi, akasema wimbo ni wake. Akasema ni "Mellen" yake ya mwaka 1988, imebadilishwa jina tu, kama ng'ombe wa wizi aliyebadilishwa alama. Maneno yakamfikia baba yake Celine. Mzee akasema mwizi hataoa kwake, awe wa ng'ombe au wa nyimbo. Harusi ikasimama.

Marehemu aliapa kwa Biblia kwamba wimbo ulitoka kichwani mwake. Mwezi wa Agosti kesi ikaenda kwa chifu, na kaseti zote mbili zikapigwa kwa redio ya chifu. "Mellen" ilikimbia, "Celine" ilitembea pole pole, sauti nzito. Wazee wakasema hizi hazijuani hata kwa jina. Chifu akamwambia Onyancha aombe msamaha. Onyancha akakataa, akataka yake irudiwe. Ikarudiwa, ikarudiwa tena, mpaka betri zikachoka. "Mellen" ikaanza kuvuta miguu, sauti ikashuka. Watu walikuwa wameshasimama wanatafuta kofia zao, hakuna aliyesikiliza, na chifu alikuwa amenyoosha mkono azime.

Marehemu peke yake alikuwa bado ameketi.

"Chifu, usizime," akasema. "Hivi ndivyo nilivyoisikia."

Nyumbani kwa mama yake betri za redio ya kaseti zilianikwa juani kila siku ndiyo zipate nguvu kidogo, na hazikupata. "Mellen" ilimwingia masikioni ikiwa imechoka hivyo, akaisahau, na ilipomrudia baada ya miaka alidhani imezaliwa kichwani mwake. Akamgeukia Onyancha.

"Ni yako, bwana. Nilikuchukulia bila kujua, lakini nilichukua."

Baba yake Celine alikuwa hapo hapo kwenye kesi. Akamuuliza Onyancha kama Desemba atakuwa na nafasi ya kupiga gitaa kwa harusi.

Marehemu alifunga ndoa na Celine tarehe 11 Desemba 1993. Onyancha alipiga "Mellen" kwa mwendo wake. Marehemu hakuupiga wimbo ule wake tena, hata nilipombembeleza.

Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 1998 alishikwa na ugonjwa wa figo. Alilazwa hospitali mara mbili, akaomba kurudi nyumbani, na tarehe 6 Septemba alifariki akiwa na mkewe. Ameacha mama yake mzazi, mke wake Celine, na watoto Nelvine na Kipchoge. Gitaa amemwachia Bwana Onyancha, yule pale mbele. Mungu amlaze palipo na utulivu.

Karatasi hii si ya kwanza. Ya kwanza niliandika yeye akiwa hai, kwa sababu mimi hupenda kutangulia, nikamsomea kitandani. Alifumba macho, nikajua inampendeza. Nikafika pale: "Uwanja ulijaa watu elfu tano, Kipyegon akashinda kesi, na mimi baba yake mdogo nikabebwa juu juu mpaka—"

"Baba mdogo," akasema, "nilishindwa. Na wewe hakuna mtu angeweza kukubeba."