Vidonge vya Brightson

Kaeni chini wanangu, na wewe Didas acha kutazama mlango, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili, na hili nimelisema mara mia ndani ya nyumba hii, mkalipitisha sikio hili likatokea lile.

Nimekuwa nesi miaka thelathini na moja. Temeke nzima hakuna anayenijua kwa Yuliana, wananiita Mama Albano, kwa jina la kifunguamimba wangu aliyelala makaburini, na nimechoka, nasema nimechoka, kusikia mkinong'ona kwamba aliuawa na mdogo wake. Brightson hakuua mtu. Brightson alirudi kutoka Ugiriki alikozamia meli akiwa ameshabwia unga miaka minne, na alipochoka nao alikwenda kwa daktari kwa miguu yake mwenyewe, akaandikiwa vidonge vya kutuliza arosto, yale mateso ya mwili ukiukosa unga, kimoja asubuhi na kimoja saa kumi, vipunguzwe kidogo kidogo kadiri daktari atakavyoona. Vidonge vile ni ndugu wa unga wenyewe. Ndiyo maana vinatuliza, na ndiyo maana vinaua. Dawa ya moto ni moto, sawa, lakini moto hushikwa kwa koleo.

Sasa sikieni nililolificha. Siku ile ya matanga ya jirani, Albano alirudi mchana kanywa gongo, jino linamuuma, akaniuliza, "Mama, huna cha kutuliza?" Nikamwambia asubiri niepue sufuria. Kopo la Brightson nilikuwa nimeliacha juu ya kabati, mie, niliyewafokea wanawake wa watu kliniki kwa kosa hilohilo! Akameza vitatu, akajilaza. Akakoroma mkoromo mzito wa kukatikakatika, nasi tukacheka, tukasema mwacheni pombe imtoke. Nilipomwendea midomo imegeuka rangi, nanyi mkamimina maziwa kinywani mwake, maziwa, kwa mtu asiyeweza kumeza hata mate! Tulifika hospitali tumebeba maiti. Aliyeacha kopo wazi ni mimi. Mficha maradhi kilio humfichua, nami nimeficha miaka miwili, nikala na kulala, huku mwanangu akiitwa muuaji kwenye nyumba yangu. Nisamehe, Brightson. Au usinisamehe, lakini ujue.

Nawe Didas, tangu wakupunguze kiwandani umejaa hasira, naijua. Lakini ulipotupa dawa za mdogo wako chooni, ukasema, "Hatuwezi kutoa unga tukaweka unga," ulidhani umemponya? Alitapika, akatetemeka, siku ya nne akarudi maskani kwa wabwia unga wenzake. Kisha akakamatwa, akakaa ndani miezi miwili bila kubwia, alipotoka akarudia kipimo chake kilekile cha zamani ambacho mwili ulishakisahau, tukamwokota mtaroni Tandika nusu mfu. Aliyempulizia pumzi mpaka zikarudi zake, akamlaza ubavu, akakaa naye hadi gari lilipopatikana, ni Tekla, mkewe huyuhuyu mnayemwita mwanamke wa baa. Nyie mlikuwa mnabishana nani kaileta aibu.

Sasa karudi kwa daktari, kaandikiwa vidonge upya. Basi shikeni. Nyumba hii ya Yombo isiuzwe. Vyumba vya mbele ni vyako Didas, fungua duka lako; vya uani ni vya Brightson na Tekla, na asiwatoe mtu. Sanduku la dawa lifungwe siku zote, na ufunguo nampa Tekla, si wewe Didas, wala si wewe Brightson. Usinune, Brightson. Ukikosa kidonge, usimeze viwili kufidia. Usichanganye na gongo, wala na hivyo vya usingizi vinavyouzwa kama karanga tangu kila kitu kiwe ruksa. Zikipita siku hujameza, rudi kwanza kwa daktari. Na mtu asiyeandikiwa asiguse, hata jino limtoe machozi ya damu. Mkisikia ule mkoromo tena... msicheke. Kimbieni naye.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Nizikeni karibu na Albano. Kitenge changu cha bluu ni cha Tekla... Didas, usibishe. Nimesema.

Saa kumi hiyo? Tekla, fungua sanduku, mpe Didas kidonge. Didas, mpe mdogo wako kwa mkono wako mwenyewe, nione. Kimoja. Hesabu... ehe, kimoja. Inua uso, ni mdogo wako huyo, si mgoni wako. Meza, baba, meza na maji.

Haya. Haya... sogeeni, mikono yangu haifiki. Mungu awape... awape kuzeeka, wanangu. Wote wawili. Mzikwe na watoto wenu... si na mama yenu.