Injili Ine ku Matanga ya Kaka Yangu

Bandugu ba shirika letu la Bakristo hapa Bungulu, nasimama mbele yenu na moyo haujatulia. Musishangae. Hivi njo niko tangu nitoke ku masomo.

Munanijua, mimi katekista wenu. Kwetu Lubero, baba aliweka Biblia juu ya kabati, na mutu hakuigusa bila kunawa mikono. Kisha paroko akanituma Butembo kusoma théologie, elimu ya Mungu. Profesa wetu, mupadri mwenye alisomea Ulaya, akatuambia tuweke Injili ine kando kando, tusome asubuhi ya ufufuko. Moja inasema malaika mumoja, ingine babili. Moja inasema bamama balikimbia kuleta habari, ingine inasema balinyamaza juu ya woga. Benzangu baliandika tu. Mimi, bandugu, niliweka kalamu chini.

Sasa nani anasema kweli? Nilirudi hapa na ile swali. Niliongoza rozari, lakini ndani ya moyo mulikuwa baridi. Nilimukasirikia profesa, nikamukasirikia na Mungu. Vijana bakienda ku makanisa ya uamsho, kwenye pasteur ana jibu la kila kitu, nilibaonea wivu!

Kisha waasi bakaingia mu mashamba ya kakao, bakamuua kaka yangu. Mama akanishika mukono: «Mutoto yangu, wee njo utasali ku matanga. Hapana mwingine.» Nikaitika, na sala sikuwa nayo hata moja.

Munajua desturi: kabla ya kusali, benye balikuwa pale banaeleza namna marehemu alikufa. Muke yake akasimama, akasema bwana yake alimuita yeye muke kwa jina, kwa sauti, kisha kimya. Jirani mwenye alikuwa naye mu shamba akasema hapana, kaka hakutoa neno, alimusukuma tu yeye jirani akimbie. Nikamuangalia mama. Mama alikuwa anaitikia kwa bote babili! Hakuna mutu aliuliza nani anadanganya. Kila mumoja alisema kile alibakia nacho.

Bandugu, nilishituka. Kumbe zile Injili ziliandikwa hivi, na batu benye balifiwa! Profesa hakunivunjia Biblia. Alinionyesha batu benye kuwa ndani, batu kama sisi. Nikasimama, nikafungua Marko, nikasoma mupaka pale bamama bananyamaza juu ya woga. Kisha nikasali, na maneno yalikuja. Mama alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu batuletee ile habari.

Asante kwa profesa, hata kama nilimutukana mu roho. Asante kwa mama. Asante kwenu benye mulileta unga na maharagi, mukakaa na sisi.

Donc, batoto bakiwauliza maswali juu ya Biblia, nawaomba, musibafukuze. Mukae nabo, hata kama jibu hamuna. Mimi pia sina yote. Leo asubuhi, nikivaa hii shati, nilikuwa bado nagombana na Mungu. Lakini nagombana naye yeye mwenyewe, sikumuacha. Amina.