Mwalimu Rispah na Wimbo wa Uwanja

Baba Mchungaji, ndugu na jamaa, majirani wa Tononoka na wa Mji wa Kale, Mheshimiwa Huzaifa na wote mliofuatana nawe, mimi ni Kate, kitindamimba wa marehemu, na nyumba yetu imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, nami nitayasoma kama alivyotaka, polepole na bila kuruka mwaka.

Rispah Nasipwondi alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Wekesa, fundi wa reli, na mwaka 1960 baba yake aliwaleta Mombasa, wakakaa chumba kimoja hapa Tononoka, akasoma hapahapa shule ya msingi na ya upili, na Kiswahili akakishika kwa majirani hata wenyeji wa Mji wa Kale wakawa wanamuuliza yeye ni wa mtaa gani.

Alihitimu ualimu mwaka 1973, akafundisha miaka mitano Taita, na tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na baba yetu, Morris Musyoka, karani wa bandari ya Kilindini, aliyetangulia mwaka 2009, na ambaye hakuacha kumtania kwamba alioa mke mmoja akapata kwaya nzima. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu Bramwel mwaka 1978 nami mwaka 1981.

Mwaka 1979 alihamishiwa shule ya msingi iliyo pembezoni mwa Mji wa Kale, ile mliyosoma wengi wenu, akapewa kwaya. Shule haikuwa na pa kuchezea, hata mwaka 1984 Mzee Zein, mbunge wetu wa wakati huo, aliposimama mbele ya wazazi akasema kiwanja kitupu kilicho ubavuni mwa shule ni cha watoto, na mama, kwa furaha ya kweli, akaandika wimbo uliokuwa na mstari huu, "Uwanja ni wetu, asante Zein." Wanaofundisha kwaya wanajua kwamba wimbo wa sikukuu huachiwa nafasi ya jina la mgeni rasmi, ili mgeni akibadilika wimbo usibadilike, na mama naye aliiacha nafasi hiyo.

Nafasi hiyo haikutoka tena katika jamaa moja. Mzee Zein alipostaafu likaingia jina la mwanawe, Faiz, kombe la mpira likaitwa kwa jina lao, ukumbi pia, shule nyingine zikaufundisha wimbo, arusi zikaupiga, kanga zenye mstari ule zikauzwa Biashara Street, na watoto wakawa wanalijua jina la jamaa hiyo kabla ya kujua kusoma. Mama alijivunia, na hakutaka tufiche kwamba alijivunia.

Mwezi wa Januari 2005 uwanja ulizungushiwa mabati, tukaambiwa una hati, na hati ilikuwa ya kampuni ya jamaa hiyohiyo. Walimu walinyamaza, mama akiwa mmoja wao, na tarehe 1 Juni mwaka huo aliipeleka kwaya mbele ya Mheshimiwa Faiz kuimba wimbo uleule, ikiongozwa na Lamis, msichana wa miaka tisa, binti wa Bi Maisara wa Mji wa Kale. Wakiwa kwenye mstari, Lamis alimuuliza, "Mwalimu, twashukuru uwanja upi?" Mama alimjibu, "Imba, mwanangu, mgeni ashafika." Lamis akaimba, na vizuri.

Tarehe 19 Julai 2005, saa nane mchana, Lamis alikuwa akiruka kamba na wenzake kando ya barabara, kwa kuwa hapakuwa na pengine, lori likamgonga, akafariki papo hapo.

Mama alikwenda kwa Bi Maisara siku ya tatu akasimama nje, na Bi Maisara akamwambia, "Ingia, Mwalimu, we si mgeni humu," wakakaa hadi adhuhuri. Tangu siku hiyo hakuufundisha tena wimbo ule, akaondolewa kwenye kwaya, akastaafu mwaka 2008, na wimbo ukaendelea bila yeye, hata mwaka 2022 aliusikia ukipita dirishani kwa vipaza sauti vya kampeni, nawe Mheshimiwa Huzaifa, wa jamaa ileile, ndiwe uliyekuwa katika nafasi ya jina. Alifunga dirisha, akakaa kitandani.

Aliugua sukari kwa miaka kumi na moja, figo zikashindwa mwaka 2023, na tarehe 6 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, alituaga, akiwa na miaka sabini na moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu mara mbili kila wiki, majirani waliotupikia, walimu wenzake na watoto wa darasa la tano waliokuja nao, na wewe Mheshimiwa kwa hema na viti hivi. Ofisi yako imeomba wimbo wa mama uimbwe utakaposimama kutoa rambirambi. Tumekaa nalo jambo hilo siku nne, wapo jamaa waliotusihi tukubali, kwani hapa tutaendelea kuishi. Lakini mama aliacha karatasi ya tarehe 2 Januari mwaka huu, kwa mkono wake, akikiri kosa lake na kueleza wimbo uimbwe vipi siku ya kumzika, na Bi Maisara, aliyeketi pale mbele, ameisoma na kuridhia. Wimbo utaimbwa mara moja, sasa, kabla hujasimama, na baada ya leo nyumba yetu haitauimba tena.

Mama, umefundisha, umekosea, umekiri, kazi iliyobaki tuachie sisi, pumzika kwa amani.

Watoto wa darasa la tano, simameni. Mahali pa jina, leo ni Lamis.